Kupoza Nyumba kwa Ubaridi wa Udongo Lubumbashi, na Kuipasha Joto Wakati wa Baridi

Lubumbashi, mji wa Katanga kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), iko takriban nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo, kila mwaka katika siku za ishirini na kitu za mwezi wa kumi, jua la saa sita mchana husimama wima juu ya paa zetu, wakati ambapo mvua bado hazijashika na mawingu ni haba. Ndiyo maana mwezi wa kumi ndio mwezi wa joto kali kuliko yote hapa, na mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, katika mwezi wa sita na wa saba, usiku hushuka chini ya nyuzi 10 na watu hujifunika mablanketi mawili. Nyumba nyingi hapa hazikujengwa kwa kukabili hali yoyote kati ya hizo mbili. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuutumia udongo wa parseli (kiwanja) yako kupunguza makali ya nyakati zote mbili, kwa kazi ambayo fundi mwashi mzuri na fundi bomba wanaweza kuifanya, na unaeleza pia ni wakati gani inafaa kufikiria mtambo mkubwa zaidi.

Watu wengi wakisikia jotoardhi hufikiria chemchemi za maji moto na mitambo ya umeme. Katanga ina historia yake katika jambo hilo: mwaka 1952 huko Kiabukwa, upande wa Upemba, kulijengwa mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi barani Afrika, mdogo wa megawati 0.2, uliotumia maji yenye nyuzi 91 kuhudumia kampuni ya madini. Jotoardhi la aina hiyo hutoka ndani sana, nalo si la kutafutwa uani. Tunalozungumzia hapa ni lile lililo karibu na uso wa ardhi, ambalo chanzo chake ni jua na hewa yenyewe, na ambalo linapatikana chini ya kila nyumba.

Mambo yote ya mwongozo huu yanategemea tabia moja ya udongo, nayo ni kwamba joto hupenya ndani yake polepole mno. Mabadiliko ya mchana na usiku hufifia ndani ya sentimita chache, kiasi kwamba ukifika nusu mita karibu hayapimiki tena. Mabadiliko ya mwaka huenda mbali zaidi, lakini nayo hupungua na kuchelewa. Katika udongo wa kawaida wenye unyevu wa kiasi, kwenye kina cha mita 2, tofauti kati ya msimu wa joto na msimu wa baridi hubaki kama theluthi moja hadi mbili ya tano ya ile iliyo juu, na hufika ikiwa imechelewa kwa mwezi mmoja na nusu hadi miezi miwili. Tazama maana yake kwa kalenda yetu. Baridi ya mwezi wa saba hufika mita 2 chini ya ardhi mwishoni mwa mwezi wa nane au mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kwa hiyo mwezi wa kumi, wakati sisi juu tunaungua, udongo wa chini bado una ubaridi wa kiangazi, yaani msimu mkavu. Na mwezi wa sita unapoanza, udongo huohuo bado una joto la mwisho wa mvua. Ni ghala linalojazwa msimu mmoja na kufunguliwa msimu unaofuata, na hali ya hewa ya Lubumbashi, yenye baridi na joto kali vinavyofuatana kwa miezi michache, inalifaa kuliko miji mingi ya nchi yetu.

Wastani wa joto la mwaka hapa ni kama nyuzi 20 au 21, na udongo huwa juu kidogo ya wastani wa hewa kwa sababu ya jua linaloupiga. Kwa hiyo tarajia kati ya nyuzi 20 na 24 kwenye mita 2, kulingana na msimu, kivuli na unyevu. Lakini usijenge kwa kutarajia, pima. Chimba shimo jembamba kwa koleo refu au kwa chombo cha kutobolea udongo hadi mita 2, shusha chupa ndogo iliyojaa maji ikiwa imefungwa kamba, funika mdomo wa shimo kwa gunia na udongo, uiache hadi kesho yake, kisha ivute haraka na utie kipimajoto ndani ya maji hayo. Maji hayabadiliki joto kwa dakika chache za kuvutwa, tofauti na kipimajoto kitupu kinachokutana na hewa. Rudia kipimo hicho mwezi wa saba na mwezi wa kumi, na mahali pawili: penye jua na chini ya mwembe au mparachichi. Ukiona udongo wa mwezi wa kumi una nyuzi 26 au zaidi, sehemu hiyo imekauka na haina kivuli, na inafaa kupandwa majani na kutiwa kivuli kwanza kabla ya kutumia fedha.

Shimo hilo la kupimia lina faida nyingine. Litakuonyesha kama kuna mwamba, kama kuna maji, na kama udongo unashikamana au unamomonyoka. Katika sehemu za chini zilizo karibu na mito, maji ya ardhini hupanda sana wakati wa mvua, na shimo lililokuwa kavu mwezi wa tisa linaweza kuwa limejaa mwezi wa pili. Mahali pa namna hiyo bomba la hewa halifai.

Kabla ya kuchimba hata mita moja, shughulika na paa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloamua kama kazi yote iliyobaki itakuwa na maana. Jua la wima la mwezi wa kumi huleta karibu kilowati 1 kwa kila mita ya mraba ya bati. Chukua nyumba yenye paa la mita za mraba 50 isiyo na dari: hata kama ni sehemu moja tu ya kumi ya joto hilo inayoingia ndani, hizo ni kilowati 5. Bomba moja la hewa chini ya ardhi, kama tutakavyoona, huondoa theluthi moja ya kilowati. Hakuna hesabu inayoweza kulifanya bomba hilo lishinde paa lililo wazi. Weka dari, acha matundu yenye wavu pande mbili za nafasi iliyo kati ya dari na bati ili hewa moto itoke, paka bati rangi nyeupe, na ukiweza tandaza juu ya dari kitu cha kuzuia joto. Kuwa mwangalifu na mbao za povu, kwa maana mchwa wa kwetu hulitoboa povu na kufanya makao ndani yake. Ziba pia nyufa za milango na madirisha. Nyumba iliyofanyiwa hayo huwa tayari imepata nusu ya raha inayotafutwa, na kwa familia nyingi hatua hiyo pekee inaweza kutosha.

Sasa tuje kwenye bomba lenyewe. Mfumo huu, ambao wauzaji na wahandisi wetu huujua kwa jina la Kifaransa la puits canadien, ni bomba lililozikwa ambalo hewa ya nje hupita ndani yake kabla ya kuingia chumbani. Ukitumia bomba la plastiki gumu la maji machafu lenye kipenyo cha milimita 160, urefu wa mita 35 hadi 40, kwenye kina cha mita 2, na hewa ikienda kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, utapata takriban mita za ujazo 140 za hewa kwa saa. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 32 na udongo nyuzi 22 hadi 23, hewa itatoka ikiwa na nyuzi 24 au 25. Kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, karibu kilo 1 tu kwa mita ya ujazo wakati wa joto, na kila mita ya ujazo hubeba joto pungufu kwa sehemu moja ya nane hivi. Ukipiga hesabu yote, bomba hilo huondoa karibu wati 300. Mtu aliyepumzika hutoa kama wati 100, kwa hiyo bomba moja hufuta joto la watu watatu waliopumzika, pamoja na kuwapa hewa safi. Mabomba mawili ya milimita 200 yaliyozikwa sambamba, yakiachana kwa zaidi ya mita 1, hufikia karibu kilowati 1. Kiyoyozi kidogo cha dukani huondoa kama kilowati 2.6. Nimetaja tarakimu hizi ili mtu asiuziwe ahadi kubwa kuliko kitu chenyewe: bomba la udongo huhudumia chumba kimoja au viwili, si nyumba nzima yenye kuta za vioo.

Usijaribu kuongeza nguvu kwa kusukuma hewa haraka. Hewa ikipita kwa mwendo wa mita 4 au 5 kwa sekunde hukosa muda wa kupoa, feni hula umeme mwingi, na sauti husikika chumbani usiku kucha. Njia bora ni kuongeza bomba la pili.

Mfereji uchimbwe kati ya mwezi wa tano na wa saba. Mvua zimekwisha, udongo bado una unyevu unaorahisisha kazi, na utakuwa na muda wa kutosha kushindilia kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Ukisubiri mwezi wa tisa, udongo mwekundu huwa mgumu kama mwamba na mafundi watakudai kulingana na jasho lao. Mfereji uwe mbali na msingi wa nyumba kwa mita 2 au zaidi, kwa sababu mfereji wa kina hicho ukipita kandokando ya msingi huunyang'anya udongo unaouegemeza. Uwe mbali na shimo la choo, mita 10 zikipatikana. Ulizia mahali zinapopita nyaya za umeme za SNEL na mabomba ya maji ya REGIDESO. Kuta za mfereji zilazwe kwa mteremko au zizuiwe kwa mbao na magogo, na udongo uliotolewa urundikwe mbali na ukingo. Mfereji wa mita 2 ukiporomoka humfukia mtu mzima kabla jirani hajafika, na mtu asiingie humo akiwa peke yake hata kwa dakika tano. Parseli nyingi za komini za Katuba au Kenya hapa mjini hazina mita 40 za mstari ulionyooka. Bomba linaweza kuzunguka uwanja kwa umbo la herufi U, mradi kila kona igawanywe katika viungo viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha nyuzi 90.

Kwa wale wanaoishi katika mitaa iliyo upande wa kaskazini-magharibi wa bomba kubwa la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, kama Penga-Penga, kuna tahadhari ya ziada. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi wake upande huo, ukaacha shaba, risasi, kadimiamu na madini mengine katika udongo wa juu. Udongo huo wa juu utengwe peke yake, unyunyiziwe maji wakati wa kuchimba ili vumbi lisipande, usisambazwe kwenye bustani ya mboga, na watoto wasichezee marundo yake.

Sakafu ya mfereji iwe na mteremko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea upande mmoja. Katika miezi ya mvua hewa huwa na unyevu mwingi, na maji yanaweza kujikusanya ndani ya bomba. Yasipopata njia ya kutoka yataotesha ukungu, na ukungu huo utaingia kwenye vifua vya wenye nyumba. Kwenye sehemu ya chini kabisa jenga kisanduku cha ukaguzi chenye kifuniko kinachobana na chombo cha kukusanyia maji. Mafundi wengi watapendekeza bomba lililopindwa lenye maji, kama lile la sinki, ili kuzuia harufu. Huku kwetu maji hayo hukauka katika miezi mitano ya kiangazi, kisha wadudu na hewa ya ardhini hupata mlango wazi. Bora kisanduku kilichozibwa kabisa, kinachofunguliwa na kukaushwa kwa mkono kila mwezi wa mvua.

Viungo vyote viwe vya mpira unaobana, si vya kuchomekwa na kufungwa kwa utepe. Hili si suala la maji tu. Miamba ya Katanga ina urani mahali pengi, na mgodi wa Shinkolobwe unajulikana duniani kote kwa hiyo. Urani inapooza ardhini hutoa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya mapafu. Ili bomba lisiwe njia ya kuileta chumbani, funga feni upande wa kuingilia hewa nje, si upande wa chumba. Feni inayosukuma huacha bomba likiwa na msukumo wa juu kidogo kuliko udongo, na kama kuna ufa, hewa safi itatoka badala ya gesi kuingia. Feni inayovuta kutoka chumbani hufanya kinyume. Tofauti ya gharama ni waya mrefu kidogo na kibanda kidogo cha kuikinga feni na mvua.

Hapa niseme neno kwa ndugu zetu wa Goma na Sake wanaosoma haya: msijaribu bomba la hewa chini ya ardhi huko. Ardhi ya volkano chini ya Nyiragongo na Nyamulagira hutoa mazuku, gesi ya kaboni dioksidi ambayo ni nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni na kwenye mashimo, na huua watu na mifugo kimyakimya. Bomba lililozikwa katika ardhi hiyo linaweza kuileta mpaka kitandani. Kwa Bukavu kizuizi ni kingine: mfereji mrefu kwenye kilima hukusanya maji ya mvua na kuilegeza ardhi ambayo tayari ina tabia ya kuporomoka.

Turudi kwenye mfereji wetu. Bomba lilalie udongo laini usio na mawe, na lifukiwe kwa udongo laini uliochujwa hadi sentimita 20 juu yake. Hapa Lubumbashi tuna mali ambayo wengine hawana, nayo ni udongo wa kichuguu, uleule unaofyatuliwa matofali. Ni mfinyanzi mlaini, hushikamana na bomba bila kuacha matundu ya hewa, na hutunza unyevu. Udongo mkavu hupitisha joto vibaya, wakati mwingine chini ya theluthi moja ya mfinyanzi wenye maji, na tatizo letu ni kwamba mwezi wa kumi ndio udongo umekauka kuliko wakati wowote. Fukia tabaka la chini kwa udongo wa kichuguu uliolowanishwa, shindilia kwa miguu na si kwa mashine juu ya bomba, kisha rudisha udongo wa kawaida kwa matabaka ya sentimita 20. Juu ya mfereji panda majani au viazi vitamu, na elekeza huko maji ya kuoshea nguo yasiyo na sabuni nyingi. Kazi ya kulaza na kufukia iishe siku moja: bomba tupu la milimita 160 huinuliwa na maji kwa nguvu ya kilo 20 kwa kila mita, na mvua moja ya ghafla ikijaza mfereji ulio wazi, bomba lote litaelea na viungo vitafunguka.

Mdomo wa kuingizia hewa uwe mita 1.5 au zaidi juu ya ardhi, upande wenye kivuli, mbali na jenereta, mbali na jiko la makala (makaa) na mbali na barabara ya vumbi. Uwekewe kofia ya mvua, wavu mgumu wa kuzuia panya, wavu laini wa mbu, na kichujio cha vumbi kinachoweza kuoshwa. Katika kiangazi vumbi jekundu hujaza kichujio ndani ya wiki chache, na kichujio kilichoziba ndicho sababu ya kawaida ya watu kusema kwamba bomba limeacha kufanya kazi. Feni ya kutosha kwa bomba moja hutumia wati 30 hadi 60. Paneli moja ya jua ya wati 100 na betri ya kiasi vitaiendesha ile ndogo mchana bila kutegemea SNEL. Kwenye chumba, hewa iingie chini ya ukuta mmoja, na kuwe na tundu la kutokea juu ya ukuta wa pili, kwani hewa haiwezi kuingia pasipo nyingine kutoka. Weka pia kifuniko cha kufunga mdomo wa ndani.

Kifuniko hicho ni muhimu kwa sababu mfumo huu hautumiki saa zote. Mwezi wa kumi washa feni asubuhi pale hewa ya nje inapoanza kuwa moto kuliko udongo, na uzime jua likitua. Usiku hewa ya nje ya Lubumbashi huwa na ubaridi kuliko udongo wenyewe, kwa hiyo fungua madirisha yenye wavu na uache kuta zipoe bure. Ukitaka, usiku huo acha feni iendelee polepole huku hewa yake ikitolewa nje. Hewa baridi itaupoza udongo ulio karibu na bomba na kuutayarisha kwa kesho. Mwezi wa sita na wa saba geuza utaratibu: hewa ya alfajiri yenye nyuzi 8 ikipita kwenye bomba itaingia ikiwa na nyuzi 17 au 18. Hilo si joto la moto wa jiko, lakini linakuwezesha kulala na hewa safi bila chumba kugeuka baridi. Na tafadhali sana, kuwepo kwa bomba kusimfanye mtu yeyote alale na mbabula yenye makala ndani ya chumba. Hewa ya bomba moja haitoshi kuondoa sumu ya kaboni monoksidi, na kila msimu wa baridi watu hulala wasiamke kwa sababu hiyo.

Weka vipimajoto viwili vya kudumu, kimoja kwenye mdomo wa nje na kimoja wa ndani, na uandike vipimo vya alasiri. Ukiona kwamba hewa inayotoka inapanda siku baada ya siku ilhali hewa ya nje ni ileile, udongo unaozunguka bomba umechoka kwa joto. Punguza saa za mchana au ongeza kazi ya usiku. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa mvua, pitisha kamba yenye kitambaa kilicholoweshwa maji na dawa ya kusafishia ndani ya bomba, kisha suuza na ukaushe.

Wenye kisima kilichochimbwa kwa mashine wana njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu inapuuzwa bila sababu. Maji ya ardhini huwa na joto linalokaribia la udongo wa kina, na kila siku mnayapandisha kwenye tangi hata hivyo. Yakipitishwa kwanza kwenye koili (bomba jembamba lililokunjwa) yenye feni iliyofungwa chumbani, lita 1,000 zikiongezeka joto kwa nyuzi 3 hubeba kilowati-saa 3.5 za joto kutoka chumbani, bila kutumia tone la ziada. Pandisheni maji alasiri badala ya asubuhi, na chumba kitapoa saa kinapohitaji. Koili iwe mpya na ya shaba. Rejeta ya gari haifai kamwe kwa maji yatakayonywewa, kwa kuwa huwa na mabaki ya kemikali na wakati mwingine risasi kwenye lehemu. Na maji yaliyopita chumbani yasirudishwe kisimani. Yaende kwenye tangi.

Imebaki pampu ya joto ya ardhini, ile inayozungusha maji katika mabomba yaliyozikwa na kuyatoa au kuyatia joto kwa kompresa. Kwa kila kilowati-saa ya umeme huhamisha 3 hadi 5 za joto, na kwa kuwa ardhi yetu haigandi, maji matupu hutosha ndani ya mabomba bila dawa ya kuzuia barafu. Mashimo ya wima hutoa takriban wati 30 hadi 50 kwa mita, kwa hiyo mtambo wa kilowati 5 huhitaji jumla ya mita 100 hadi 170 za kuchimba, kwa mfano mashimo mawili yanayoachana kwa mita 6. Kwa nyumba ya kawaida ya Lubumbashi, ambayo haihitaji kupashwa wala kupozwa kwa nguvu miezi yote, nadhani fedha hizo zingefanya kazi zaidi kwenye paa, bomba na paneli za jua. Panapofaa ni mahali panapotumia maji moto kila siku na vyumba vya kupozwa kwa pamoja, kama zahanati, nyumba ya wageni au shule ya bweni, kwa sababu joto linaloondolewa vyumbani hupasha maji ya kuogea, na magunia ya makala yanayokatwa msituni kwa kazi hiyo hupungua.

Ukiamua kuifunga, mkataba wa mchimbaji utaje mambo haya waziwazi. Chini ya baadhi ya sehemu za mji kuna miamba ya chokaa na dolomiti yenye mapango, na humo ndimo yalimo maji ambayo watu wengi wanayanywa. Kila shimo lijazwe tope la bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) kuanzia chini hadi juu ili uchafu wa juu usiteremke, na bomba lijaribiwe kwa msukumo wa maji kabla ya kujazwa na baada ya kujazwa. Viungo vya mabomba ya polietilini (plastiki) viunganishwe kwa kuyeyushwa, visifungwe kwa skrubu. Kompresa iwekewe kifaa cha kuianzisha taratibu na kidhibiti cha volti, pamoja na saa ya kuichelewesha kwa dakika kadhaa umeme unaporudi, kwa kuwa kompresa inayowashwa mara tu baada ya kukatika, ikiwa bado na msukumo ndani, huungua mapema. Mtu atakayekujibu vizuri kuhusu mambo hayo manne, na kukuonyesha kipimo cha joto la ardhi yako mwenyewe badala ya jedwali la nchi nyingine, ndiye anayestahili kupewa kazi.